Ndoo ya Bwana Manabe

Mvua inyeshapo watu hutazama juu. Mkulima hupima weusi wa wingu kwa jicho, mchungaji husikiliza upande utokao upepo, na mtoto wa shule hukimbilia barazani asije akalowa. Ni wachache watazamao chini wakauliza: je, maji haya yakisha kuanguka yaenda wapi? Swali hili laonekana dogo, nalo ni miongoni mwa maswali makubwa katika elimu ya tabia ya nchi. Tabia ya nchi ni desturi ya mvua, jua, upepo na joto la mahali kwa miaka mingi, wala si hali ya siku moja. Mabingwa wa elimu hiyo walifanya hesabu za mbingu kwa muda mrefu kabla hawajaipa ardhi haki yake. Katika insha hii nitakueleza, msomaji, jinsi ardhi ilivyopata haki hiyo, na jinsi ilivyoingia katika hesabu kwa sura ya kitu ukijuacho sana, yaani ndoo.

Kwanza yafaa tujue hesabu hizo ni za namna gani. Bingwa hawezi kuitia dunia katika chupa akaipasha moto ili aone itakuwaje. Badala yake huitengenezea mfano wa tarakimu, nao huitwa kielelezo. Huigawa ramani ya dunia katika miraba, na juu ya kila mraba hupanga tabaka za hewa kama vyumba vya nyumba ya ghorofa. Kwa kila chumba huandika joto, mgandamizo wa hewa, upepo na unyevu. Kisha hutumia kanuni za fizikia, zile zile zifundishwazo darasani, kukokotoa hali ya kila chumba itakavyokuwa baada ya dakika chache. Kisha baada ya dakika chache nyingine. Na vivyo hivyo mpaka siku, miaka na hata karne zimepita ndani ya kompyuta. Kazi hii haina huruma. Kosa likitendeka katika mraba mmoja, upepo hulichukua na kulipeleka katika mraba wa jirani.

Chini ya ghorofa hizo zote ipo sakafu, na mahali penye nchi kavu sakafu hiyo ni udongo, majani na miti. Huenda ukauliza kwa nini sakafu iwasumbue watu wanaohesabu mbingu. Jibu limo katika mtungi. Tangu zamani watu wa pwani huweka maji ya kunywa katika mtungi wa udongo, nayo hupoa hata mchana wa jua kali. Sababu yake ni kwamba maji kidogo hupenya katika udongo wa mtungi, hufika nje, hugeuka mvuke, na katika kugeuka huko huchukua joto la mtungi. Nchi yenye unyevu ni mtungi mkubwa. Nguvu nyingi ya jua hutumika kugeuza maji kuwa mvuke, na hewa hupata nafuu. Nchi iliyokauka ni mtungi mtupu; jua lipigapo, nguvu yake yote huishia kuupasha moto udongo na hewa iliyo juu yake. Tena mvuke ule haupotei, bali hupanda, huchukuliwa na upepo, na huenda ukashuka mahali pengine ukiwa mvua. Basi akoseaye maji ya udongoni hukosea joto. Na akoseaye joto hukosea upepo. Na mwisho wake hukosea mvua yenyewe.

Mmoja wa watu wa kwanza walioliona jambo hili alikuwa Mwingereza, Bwana Lewis Fry Richardson. Wakati wa Vita Kuu ya kwanza aliendesha gari la kuchukulia majeruhi huko Ufaransa, na katika saa za mapumziko alikokotoa kwa mkono wake hali ya hewa ya siku moja iliyokwisha pita, 20 Mei 1910, apate kuona kama hesabu zaweza kuitambua. Hesabu zilimwambia kwamba mgandamizo wa hewa utabadilika kwa milibari 145 katika saa sita, ilhali siku ile mgandamizo ulikuwa haukubadilika ila kidogo sana. Lilikuwa kosa kubwa, naye hakulificha. Alilichapisha katika kitabu chake cha mwaka 1922 ili wengine wajifunze. Katika kitabu hicho hicho aliandika habari za majani yanavyotoa mvuke, na kanuni ya maji yanavyokwenda katika udongo usiojaa maji. Mwaka 1931 Mmarekani, Bwana Lorenzo Richards, aliandika kanuni hiyo kwa njia yake mwenyewe, nayo yatumika hata leo. Lakini Richardson hakuwa na kompyuta. Alidhani watu 64,000 wangehitajika, wakikaa pamoja katika jumba moja kubwa na kukokotoa, ili hesabu ziende sawa na mwendo wa hewa ya dunia. Jumba hilo halikujengwa, na habari za udongo zikalala kitabuni.

Mwaka 1950 mabingwa wa Marekani, wakiongozwa na Bwana Jule Charney na Bwana John von Neumann, walitumia kompyuta iliyoitwa ENIAC kukokotoa hali ya hewa ya siku moja mbele. Hesabu zao zilihusu hewa peke yake. Sakafu waliiacha, na hapana wa kuwalaumu, kwa maana mtu ajifunzaye kutembea hapewi mzigo kichwani. Miaka mitano baadaye Bwana Joseph Smagorinsky alipewa kazi ya kuanzisha kikundi cha wachunguzi mjini Washington ili wahesabu hewa ya dunia nzima. Mwaka 1958 alimwita kijana kutoka Japani aliyekuwa amemaliza masomo yake katika Chuo Kikuu cha Tokyo. Kijana huyo ni Bwana Syukuro Manabe, aliyezaliwa mwaka 1931 katika jimbo la Ehime. Miaka kumi baadaye kikundi hicho kilihamia Princeton, na huko ndiko ndoo yetu ilikotokea.

Mwaka 1965 Manabe na wenzake walikuwa wamekwisha kutia mvua na mvuke katika kielelezo chao, lakini sakafu yote ilikuwa kama kinamasi kisichokauka kamwe. Kila mahali palitoa mvuke bila kuuliza kama mvua ilinyesha. Dunia ya namna hiyo haiwezi kuwa na jangwa wala kiangazi cha kweli. Ndipo katika maandishi yake ya mwaka 1969 Bwana Manabe alipoweka ndoo chini ya kila mraba wa nchi kavu.

Sheria za ndoo hiyo ni chache, nawe waweza kuzishika mara moja. Kina chake ni sentimita 15. Mvua ikinyesha, maji huingia ndani yake. Ikijaa, maji yazidiyo humwagika na kuhesabiwa kuwa mto. Ndoo haina tundu chini, wala hakuna kisima kinachopokea maji yake. Maji yakiwa yamefikia robo tatu ya kina, yaani sentimita 11.25, au zaidi, ardhi hutoa mvuke kama mahali palipo wazi penye maji tele. Yakipungua chini ya hapo, mvuke nao hupungua kwa kadiri hiyo hiyo. Chukua mfano: yakibaki nusu ya sentimita 11.25, mvuke utakuwa nusu. Yakiisha kabisa, mvuke utakoma, na jua lote litapasha moto udongo mkavu. Wazo la kuupunguza mvuke kwa kadiri ya maji yaliyobaki lilikuwa limekwisha kuandikwa na Bwana Mikhail Budyko wa Leningrad, mji uitwao sasa St. Petersburg, katika kitabu chake cha mwaka 1956. Kazi ya Manabe ilikuwa kulitia wazo hilo katika dunia inayozunguka, yenye upepo na mawingu, na kuliacha lifanye kazi peke yake.

Usiicheke ndoo hii. Kwa sheria zile chache ardhi ilipata kumbukumbu. Kabla ya hapo mraba haukujua kama mwezi uliopita ulikuwa wa masika au wa kiangazi. Sasa maji yaliyobaki ndooni yalikuwa ushahidi wa mvua iliyopita, na ushahidi huo uligusa joto la wiki zijazo. Mwaka 1975 Manabe na mwenzake, Bwana Leith Holloway, walipotumia ramani ya dunia halisi, kompyuta ilionyesha nchi kame na nchi za mvua nyingi, na kwa jumla zilikaa mahali zilipo kweli. Hakuna aliyeandika katika hesabu kwamba hapa pawe Sahara. Jangwa lilitokea lenyewe kwa mapatano ya jua, upepo na ndoo.

Hata hivyo ndoo ilikuwa na upungufu mkubwa, na mtu wa Kenya anaweza kuuona upesi kuliko wengi. Mraba mmoja wa siku zile ulikuwa na upana wa mamia ya kilomita. Mraba wa namna hiyo ungeweza kuchukua miteremko yenye misitu ya Mlima Kenya pamoja na jangwa la Chalbi, na pote pangepewa ndoo moja, maji mamoja na mvuke mmoja. Tena ndoo haina jani wala mzizi. Mbele yake msitu wa miaka mia mbili na shamba la mahindi ya miezi miwili ni kitu kimoja. Lakini je, ni kitu kimoja?

Swali hilo lilikuwa limekwisha kuulizwa katika Afrika ya Mashariki, tena si kwa kompyuta bali kwa vipimo vya mvua na kingo za kupimia mito. Tangu miaka ya 1950 wachunguzi wa Muguga, karibu na Nairobi, wakiongozwa na Bwana Charles Pereira, walichagua mabonde madogo yaliyo jirani, wakaliacha moja kama lilivyo na lingine wakalibadilisha. Kericho walilinganisha bonde la Lagan, lililoachwa na msitu wake, na bonde la Sambret, ambamo sehemu ya msitu ilikatwa pakapandwa chai. Kimakia, katika milima ya Aberdare, mianzi iliondolewa pakapandwa misonobari. Mbeya, katika Tanganyika ya siku zile, walilinganisha mteremko wenye msitu na mteremko uliolimwa na wakulima wadogo. Waliipima mvua iliyoingia, wakayapima maji yaliyotoka kwa njia ya kijito, na katika udongo walitafuta yaliyobaki. Matokeo ya kwanza yalichapishwa kwa pamoja mwaka 1962.

Waliyoyaona yalipinga maneno mengi yaliyosemwa bila kupimwa. Kericho ilionekana kwamba shamba la chai lililopangwa kwa uangalifu, lenye matuta na njia njema za maji, halikuuharibu mto kama watu walivyohofia. Mbeya kijito cha mteremko uliolimwa kilitoa maji mengi zaidi kuliko kile cha msitu. Jambo hili lawashangaza wengi, lakini sababu yake ni wazi: mizizi ya miti hushuka chini sana, na majani yake hutoa mvuke hata wakati wa kiangazi, lakini shamba la mazao likisha kuvunwa huacha kunywa. Haimaanishi kwamba msitu ni mwizi wa maji. Maji yake huyarudisha hewani, na udongo wake huushikilia mlima usiporomoke. Maana yake ni kwamba jani na mzizi ndivyo viamuavyo kiasi cha maji kirudicho juu na kiasi kiendacho mtoni. Ndoo ya sentimita 15 isingeweza kuyasema hayo.

Wakati huo huo huko Uingereza elimu ya mvuke ilikuwa ikikua. Bwana Howard Penman alikuwa ameonyesha mwaka 1948 jinsi ya kukokotoa mvuke kwa kutumia jua, upepo, joto na unyevu wa hewa. Mwaka 1965 Bwana John Monteith aliongeza jani lenyewe. Jani lina vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, nalo huvifungua na kuvifumba. Likikosa maji huvifumba, nao mvuke hupungua ingawa jua ni kali. Basi mmea si bomba linalovuja ovyo, bali ni kama mlango wenye bawabu.

Sasa twende Sahel, ukanda wa nchi kame ulio kusini ya Sahara, kwa maana huko ndiko mambo haya yalikogusa maisha ya watu. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mvua ilianza kukosekana, na katika miaka ya 1970 ng'ombe walikufa kwa wingi na watu wengi wakapoteza maisha yao au makao yao. Dunia ilitafuta wa kulaumiwa. Mwaka 1975 Bwana Charney, yule yule wa mwaka 1950, alitoa hesabu zake. Nchi yenye majani, alisema, hurudisha angani sehemu ndogo ya mwanga wa jua, lakini mchanga mtupu hurudisha nyingi. Katika kompyuta yake sehemu hiyo ilipandishwa kutoka 14 hadi 35 katika kila 100. Nchi ikapokea nguvu kidogo, hewa ikashuka badala ya kupanda, na mvua ikapungua. Kwa hiyo mifugo ikimaliza majani, mvua hupungua, na mvua ikipungua majani hupungua tena. Wengi waliosoma habari hizo waliwanyoshea wafugaji kidole.

Mwaka 1982 Bwana Jagadish Shukla, aliyezaliwa katika kijiji cha India, na mwenzake Bwana Yale Mintz walifanya jaribio lililo wazi zaidi kuhusu maji ya udongoni. Walitengeneza dunia mbili katika kompyuta. Katika ya kwanza nchi kavu yote ilitoa mvuke kama iliyolowa. Katika ya pili haikutoa hata kidogo. Kisha waliangalia mwezi wa Julai. Katika dunia kavu joto la ardhi katika sehemu nyingi za nchi za kaskazini lilizidi kwa zaidi ya digrii 10, na mvua ya mabara ya kaskazini ikapungua mno. Lakini huko India mvua ya pepo za msimu iliendelea kunyesha, kwa kuwa mvuke wake mwingi watoka baharini. Tangu siku hiyo hapana aliyeweza kusema kwamba ardhi ni sakafu tu.

Je, basi, wafugaji wa Sahel walikuwa na hatia? Mwaka 1986 wachunguzi wa Uingereza, miongoni mwao Bwana Chris Folland, walilinganisha mvua ya Sahel na joto la bahari za dunia tangu mwaka 1901, wakaona kwamba mvua ile hufuata sana kupanda na kushuka kwa joto la bahari. Kazi zilizofuata zililithibitisha jambo hilo, na mwaka 1999 Bwana Ning Zeng na wenzake walionyesha jinsi ardhi na mimea inavyoukuza na kuurefusha ukame ambao bahari imeuanzisha. Hukumu ya leo ni hii: bahari huanza, ardhi huendeleza. Mfugaji hakuuleta ukame ule. Tazama, msomaji, jinsi hesabu pungufu inavyoweza kumtwika mtu maskini mzigo usio wake, na jinsi hesabu iliyosahihishwa inavyoweza kumtua.

Baada ya hapo mabingwa walianza kuivunja ndoo na kuweka mmea mahali pake. Mwaka 1986 vielelezo viwili vya namna hiyo vilichapishwa. Kimoja kilitengenezwa na Bwana Robert Dickinson na wenzake huko Boulder, Marekani. Cha pili na Bwana Piers Sellers pamoja na Mintz na wengine. Humo udongo uligawanywa katika tabaka, mizizi ikapewa kina, majani yakapewa vitundu vyake, na mvua iliyonaswa juu ya majani ikahesabiwa mbali. Sellers alikuwa Mwingereza aliyehamia Marekani, na baadaye akawa mwana-anga. Aliruka mara tatu, mwaka 2002, 2006 na 2010, akaiona kwa macho yake ile nchi aliyoihesabu kwa tarakimu. Alifariki mwaka 2016.

Lakini mmea wa tarakimu nao wahitaji kupimwa kwa mmea wa kweli. Mwaka 1987 wachunguzi wengi walikusanyika katika mbuga za Kansas, mahali penye upana wa kilomita 15 kila upande, wakapima maji na joto kwa wakati mmoja toka ardhini, toka ndege na toka setilaiti. Katika Amazon wachunguzi wa Brazil na wa Uingereza walipima msitu karibu na Manaus tangu mwaka 1983 hata 1985, wakaona kwamba yapata nusu ya mvua hurudi hewani kuwa mvuke. Hapa uzi wa Kenya waonekana tena, maana taasisi ya Wallingford iliyowatuma wale Waingereza iliongozwa na Bwana J. S. G. McCulloch, aliyekuwa mwanafizikia wa Muguga katika siku za mabonde ya Kericho. Vipimo vya Manaus vilitumiwa kukisahihisha kielelezo cha Sellers. Kisha mwaka 1994 Bwana Daniel Nepstad na wenzake walionyesha kwamba misitu ya mashariki ya Amazon hubaki na majani mabichi katika miezi mitano ya kiangazi kwa kunywa maji yaliyo chini zaidi ya mita 8. Linganisha mita 8 za udongo na sentimita 15 za ndoo, nawe utaona umbali wa safari iliyokwendwa.

Usidhani kwamba baada ya mimea kuingia mambo yote yalinyooka. Mwaka 1992 Bibi Ann Henderson-Sellers wa Australia na wenzake walianza kazi ya kuvishindanisha vielelezo vya ardhi. Vielelezo 23 vilipewa hali ya hewa ile ile iliyopimwa Cabauw, katika nchi ya Uholanzi: jua lile lile, mvua ile ile, upepo ule ule. Vingepaswa kutoa jibu moja. Majibu yalipochapishwa mwaka 1997, vilitofautiana sana juu ya kiasi cha maji kilichogeuka mvuke. Mambo mengi zaidi kuingizwa katika hesabu hayakuwa dhamana ya ukweli, kwa maana kila jambo jipya lilileta tarakimu mpya ambayo haikupimwa vizuri. Jambo hili ni fundisho kwa kila mwanafunzi: jibu refu si lazima liwe jibu sahihi.

Mwaka 2004 Bwana Randal Koster wa Marekani na wenzake walikusanya majibu ya vikundi kumi na viwili vya vielelezo, wakauliza ni wapi duniani unyevu wa udongo unapoigusa mvua kwa nguvu zaidi katika miezi ya Juni, Julai na Agosti. Mahali palipojitokeza ni nyanda za kati za Amerika ya Kaskazini, Sahel, India, na Afrika ya ikweta. Soma tena jina la mwisho. Katika sehemu ya bara hili letu, udongo ulionyeshewa wiki hizi una neno la kusema juu ya mvua ya wiki zijazo.

Siku hizi udongo hupimwa hata toka angani. Tangu mwaka 2002 hadi 2017 setilaiti mbili zilizofuatana, kama ndugu wawili njiani, zilipima umbali uliokuwa baina yao. Zilipopita juu ya nchi iliyojaa maji, uzito wa maji hayo uliivuta ya mbele kwanza, nao umbali ukabadilika kidogo. Nyingine mbili zilirushwa mwaka 2018 kuendeleza kazi hiyo. Setilaiti nyingine, iliyorushwa mwaka 2015, hupokea mawimbi yatokayo ardhini na kutambua unyevu wa sentimita chache za juu. Hata hivyo jicho la angani haliufikii mzizi ulio chini, wala halimwondolei kazi mtu mwenye kipimo cha mvua kiamboni. Barani Afrika vipimo hivyo ni vichache kuliko inavyostahili, nasi tumeona kwamba hapa ndipo mahali ambapo ardhi ina sauti kubwa. Tena yako mambo ambayo vielelezo vingi bado huyahesabu kwa shida: maji yaliyo chini sana ya ardhi, vinamasi vikubwa kama vile Sudd ya mto Nile, na mashamba yanyweshwayo kwa mifereji.

Mwaka 2021 Bwana Manabe, akiwa na umri wa miaka 90, alipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia pamoja na Bwana Klaus Hasselmann wa Ujerumani na Bwana Giorgio Parisi wa Italia. Hakuipata kwa ajili ya ndoo peke yake, bali kwa kazi ya maisha yake yote ya kuhesabu joto la dunia. Lakini ndoo ile ilikuwa sehemu ya kazi hiyo, nayo yatufundisha namna elimu inavyokwenda. Manabe alijua kwamba ardhi si ndoo. Alichagua kitu chepesi chenye upungufu unaoonekana kwa kila mtu, ili wajao baada yake wajue mahali pa kusahihisha. Wakaja, wakatoboa chini yake, wakaingiza mizizi, wakapanda majani juu yake, wakabishana, wakapima, wakabishana tena.

Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hiki hakijajaa. Huenda katika shule yako kipo kipimo cha mvua ambacho hakuna akisomaye tangu mwalimu aliyekiweka ahamishwe. Kioshe, kisimamishe mbali na miti na mapaa, kisome kila siku saa tatu asubuhi, uandike tarakimu na tarehe, wala usibuni tarakimu ya siku uliyoisahau, iache wazi. Na mvua ikisha, usiondoke mara moja. Tazama maji yaendayo mferejini na yale yanywewayo na udongo, ujiulize ni kiasi gani kitakachobaki kwa ajili ya mahindi mwezi ujao, na ni kiasi gani kitakachorudi juu kutafuta wingu.